Nimerudi Mtwara na fani ya mgongo, fundi wa kibao kaniuliza "niandike nani?" Nimekosa jibu

#1 Mikono ya Shangani

Wakuu, salaam.

Jumatano nilikuwa kwa fundi wa mabango karibu na soko la Chikongola. Bati limeshapakwa nyeupe, limekauka, mistari ya penseli imeshapigwa. Akachovya brashi kwenye rangi ya bluu, akaniangalia: "Haya bosi, niandike nani?" Nikabaki nimesimama. Rangi ikadondoka matone mawili kwenye kandambili yake. Akairudisha brashi koponi, akaniambia nenda kafikirie, bati haliozi.

Kazi yangu ni kairopraktiki. Nimesomea Durban, Afrika Kusini. Kozi ni miaka 6 ukijumlisha utafiti wa shahada ya pili, mimi ilinichukua 7. Kwa ambao hawajawahi kuisikia: natibu maumivu ya mgongo, shingo, nyonga na mabega kwa mikono. Nakupima kwanza, nasoma eksirei kama ipo, nakupa mazoezi, na kiungo kilichokaza nakisukuma kwa kasi umbali mfupi sana mpaka kinalia "ko". Siandiki dawa wala sipasui mtu.

Kule mlangoni tunaandikwa Dkt. na watu wamezoea. Hapa nyumbani mama anawaambia majirani mwanangu ni daktari wa mgongo. Baba mdogo anasema ni mkandaji aliyesoma. Vijana wa bodaboda wananiita mvunja shingo. Wiki iliyopita mtu mzima mmoja kaja saa tatu usiku, kajifunika, ananiuliza kwa sauti ya chini kama natoa na majini.

Niandike nini? Na ukweli ni kwamba tatizo si la Mtwara peke yake. Fani yetu tangu izaliwe haijakubaliana yenyewe kwa yenyewe ni kitu gani. Darasani kwetu watu walikuwa wakinuniana kwa ajili hiyo. Nisaidieni, hasa watu wa kusini, maana hao ndio nitakaowahudumia.

#2 Korosho Ghafi

Andika MKANDAJI WA KISASA KUTOKA SAUZI. Msimu wa korosho ukiisha utashindwa kufunga mlango kwa foleni.

#3 Nesi wa Zamu

Karibu nyumbani kaka. Mimi naomba kitu kimoja tu, Dkt. usiandike.

Sikuombi kwa sababu sijui umesoma. Nakuomba kwa sababu mgonjwa akiona Dkt. hasomi kinachofuata. Nimefanya kazi wodini miaka kumi na moja. Mama anatoka kijijini saa nane usiku, mtoto ana degedege, anaulizia "daktari anakaa wapi?" Mtu wa bodaboda anamleta kwako kwa kuwa kibao chako ndicho cha karibu. Wewe utamfungulia mlango, utamwambia mama mimi wa mgongo. Dakika ishirini zimeshapotea.

#4 Mwana wa Kitangari

Mleta mada, naomba nikuulize kwa heshima, wewe na bibi yangu mnatofautiana nini?

Bibi alikuwa Kitangari, Newala. Alikuwa anakanda watu tangu sijazaliwa. Anakulaza kifudifudi kwenye mkeka, anapasha mafuta ya ufuta kwenye kifuniko cha sufuria, kisha anaanza juu kwa kidole gumba kimoja, anashuka pingili moja baada ya nyingine, polepole mno, kama mtu anayehesabu. Akifika penye tatizo anasimama. Hakuulizi. Wewe mwenyewe unashtuka. Hapo anasema "hapa", anaanza kuchua pembeni, hagusi katikati mpaka pawe pamelegea. Mwisho anakushika bega na nyonga, anakuzungusha mara moja. Ko. Unainuka.

Hakuwa na kibao. Watu waliuliza "kwa Bibi ni wapi?" wakaelekezwa.

#5 Tarimbo

Mwana wa Kitangari hapo umegusa penyewe. Hiyo kairopraktiki nasikia ni daktari mmoja wa Kimarekani aliigundua miaka ya 1920 baada ya vita vya kwanza, wanajeshi walirudi na migongo mibovu. Wenzetu waliandika vitabu, sisi tukabaki na bibi.

#6 Msomaji wa Lindi

Tarimbo, hapo sahihisha. Ilianza tarehe 18 Septemba 1895, mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mwanzilishi ni Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada, na hakuwa daktari. Alikuwa akitibu watu kwa kile walichokiita nguvu za sumaku, na kabla ya hapo aliwahi kuwa na duka la vyakula. Mtu wa kwanza kumsukuma pingili anaitwa Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo alilokuwa na ofisi. Mgongo haukuwa shida yake. Alikuwa hasikii vizuri miaka mingi, na Palmer alidai baada ya kumrudisha pingili masikio yakafunguka.

Shule yake ilianza 1897. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni, baada ya kukataa kulipa faini. Jina la fani limetoka Kigiriki, maana yake ni kazi ya mikono. Mchungaji mmoja ndiye aliyempa.

#7 Tarimbo

Nimekubali, asante mkuu. Lakini ukiziwi na mgongo wapi na wapi?

#8 Mikono ya Shangani

Tarimbo, hilo swali lako ndilo limetugawa miaka mia moja na zaidi.

Palmer alijenga nadharia yote juu ya tukio lile. Alisema pingili ikihama kidogo inabana mishipa ya fahamu, na magonjwa karibu yote yanatoka hapo. Hali hiyo wanaiita sablaksesheni. Akaongeza kwamba mwili una akili yake ya asili, ukifungua njia wenyewe unajiponya. Mwanawe, B. J. Palmer, akaichukua shule na kuitangaza kwa nguvu zote.

Wanafunzi wakagawanyika mapema. Wako walionyooka, hao wanashika maneno ya mzee, kazi yao ni kutafuta pingili iliyohama na kuirudisha basi. Na wako wachanganyaji, wanaotumia pia mazoezi, joto, barafu, ushauri wa kazi na ulalaji, na wanaotibu mgongo kama mgongo. Mimi ni wa kundi la pili na sifichi. Ila wote tuna cheti chenye jina moja, na mgonjwa hawezi kujua ameingia kwa yupi mpaka ameshalala kitandani.

Mwana wa Kitangari, swali lako sijalikwepa. Nataka nilijibu nikiwa nimetulia.

#9 Mazoezi Tiba

Nimesubiri nione kama kuna atakayetaja fiziotherapia. Hakuna.

Mimi nimesomea KCMC Moshi. Nipo hospitali ya serikali huku huku kusini. Nampima mgonjwa wa mgongo, nasoma eksirei, nampa mazoezi, naachia viungo vilivyokaza kwa mikono. Ukiondoa hadithi ya Iowa, umefanya nini ambacho sifanyi? Tena mimi huyo huyo ndiye ninayemfundisha aliyepata kiharusi kushika kijiko, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo kukaa. Wagonjwa wa mgongo ni sehemu tu ya siku yangu.

Naongea kwa uchungu kidogo, mnisamehe. Chumba chetu kina kitanda kimoja na mpira mmoja wa mazoezi, na mtaani hakuna anayejua jina letu pia. Wanasema "nenda kwa wale wa mazoezi". Hatujamaliza kujulikana sisi, anakuja mwingine na jina gumu zaidi.

#10 Kuli Mstaafu

Mimi sijui majina yenu. Nimebeba magunia bandarini Mtwara tangu kijana. Gunia la korosho kilo themanini, unalipokea shingoni, ubao unacheza chini ya miguu. Mwaka wa tisa mgongo ukanikamata nikiwa nimeinama kufunga kiatu. Hata gunia sikuwa nalo. Nikabaki vile vile nimeinama, wenzangu wakanibeba kama meza.

Nilikwenda hospitali nikapewa vidonge. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Mikindani akanikanda wiki nzima. Nikaenda kwa wale wa mazoezi, dada mmoja akanifundisha jinsi ya kuchuchumaa na kupumua nikiinua kitu. Nikapona. Sasa nani aliniponya? Mpaka leo naulizwa na watu na sina jibu. Labda ni siku tu zilipita.

#11 Dokta Mdogo

Mzee wangu Kuli, hilo neno lako la mwisho lina uzito. Maumivu mengi ya kiuno yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo aliyekugusa mwisho ndiye anayechukua sifa.

Mleta mada, mimi ni daktari, nipo wilaya mojawapo ya Lindi. Sina ugomvi na mikono yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeweka tiba ya kusukuma pingili miongoni mwa zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, elimu kwa mgonjwa na kuchua. Shirika hilo linasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Kazi ipo ya kututosha wote.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Mwaka 2010 baraza linalosimamia makairoprakta Uingereza lilitoa tamko kwamba sablaksesheni ni dhana ya kihistoria, na hakuna ushahidi wa utafiti unaoruhusu kudai kuwa ndiyo chanzo cha magonjwa. Hilo ni baraza lao wenyewe. Sasa nakuuliza mbele ya watu: mama akikuletea mtoto mwenye pumu, au anayekojoa kitandani, utamsukuma mgongo? Jibu lako hapo ndilo litakaloniambia wewe ni nani. Kibao utaandika baadaye.

#12 Mikono ya Shangani

Dokta Mdogo, sitamsukuma. Nitamleta kwenu.

#13 Pingili ya Tano

Naomba kuingia, maana nami ni kairoprakta, nipo Dar, nina miaka mingi kuliko mleta mada.

Mdogo wangu, umejibu upesi mno. Unajua kwa nini fani hii iko hai? Kwa sababu wazee wetu walikataa kumezwa. Marekani mamia walifungwa jela kwa kutibu bila leseni. Jimbo la Kansas lilipitisha sheria ya kuwatambua 1913, la mwisho, Louisiana, 1974. Chama cha madaktari cha Marekani kiliunda kamati rasmi mwaka 1963 ya kupambana na walioitwa matapeli wa tiba, na sisi tulikuwa juu ya orodha. Daktari alihesabiwa kavunja maadili akishirikiana na kairoprakta. Chester Wilk na wenzake wakafungua kesi 1976. Mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba chama kile kilivunja sheria ya ushindani, na rufaa ilipokwisha 1990 hukumu ilisimama.

Sasa leo, kwa kuwa daktari mmoja amekuuliza swali moja, unakabidhi nusu ya nyumba? Mimi siahidi kuponya pumu. Lakini mwili ni kitu kimoja, na nimewaona watu waliokuja na mgongo wakaondoka wanalala usingizi, wanakula, wanacheka na wake zao. Ukijiandika "mtu wa mgongo" umejifungia kwenye chumba kimoja. Hapo Mazoezi Tiba atakuwa na haki ya kukuuliza umekuja kufanya nini.

#14 Ufuta Mweupe

Sogeeni jamani, uzi umenoga.

#15 Msomaji wa Lindi

Pingili ya Tano, historia yako ya kesi iko sawa, ila funzo lake linaweza kusomwa upande mwingine pia. Angalia ndugu zenu wa osteopathia. Andrew Taylor Still alianza kabla ya Palmer, akafungua shule Missouri 1892, naye alikuwa akisukuma mifupa na kuipinga dawa ya wakati wake. Wao Marekani wakachagua kujifunza dawa na upasuaji. Leo D.O., yaani daktari wa osteopathia wa Marekani, ana haki zote za daktari, anaandika dawa, anapasua. Ila wengi wao mkono wa kusukuma mgongo hawautumii tena. Wamepata cheo, kazi ya mikono imepotea njiani.

Nyie mlikataa, mikono mkabaki nayo, cheo ndicho kinachowasumbua mpaka leo.

Halafu kuna njia ya tatu. Denmark makairoprakta wanasoma Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark, Odense, wanakaa darasa moja na wanafunzi wa udaktari miaka ya mwanzo. Uswisi sheria yao inaihesabu kairopraktiki kati ya fani tano za kitabibu pamoja na udaktari, meno, famasia na mifugo. Kule swali la kibao sidhani kama linamkosesha mtu usingizi. Kwa hiyo utambulisho hautoki kifuani kwa mtu. Unatoka kwenye darasa alilokalia na sheria inayomlinda.

#16 Mtetezi wa Masasi

Msomaji umenifungulia mlango, na sheria ndiyo kazi yangu.

Hapa kwetu kuna milango miwili. Ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na ipo Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya 2017. Mleta mada, beba vyeti vyako vyote na mtaala wa kozi uliosoma, anza kwa mganga mkuu wa mkoa na mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Uliza kwa barua, ujibiwe kwa barua. Mpaka upate karatasi, hilo bati liache kwa fundi.

Mlango utakaoingilia ndio utakaokupa jina. Ukiingilia wa kwanza utakaa benchi moja na wauza mizizi, hata kama umefanya utafiti wa shahada ya pili. Usichukie, ndivyo mambo yalivyo.

#17 Mikono ya Shangani

Mtetezi, asante, barua naandika leo.

Na hilo la benchi nalijua. Afrika Kusini kwenyewe baraza letu ni moja na tiba mbadala kama homiopathia, refleksolojia na tiba ya Kichina. Wafiziotherapia wako baraza jingine pamoja na madaktari. Tulikuwa tunapasua maiti kwenye somo la anatomia, tunakesha na majina ya misuli, halafu kwenye karatasi tunakaa ukurasa mmoja na mafuta ya kunusa. Iliniuma sana nikiwa mwaka wa pili.

#18 Mwana wa Kitangari

"Wauza mizizi" hao ndio waliokuzaa wewe na mimi Mtetezi. Taratibu.

#19 Mtetezi wa Masasi

Samahani mkuu, neno nimelifuta moyoni. Bibi yako namheshimu.

#20 Mwera wa Nyangao

Mnahangaika na sheria wakati tatizo ni Kiswahili. Tazameni: mkubwa wa madaktari wote nchini anaitwa nani? Mganga Mkuu wa Serikali. Mkoani, Mganga Mkuu wa Mkoa. Kituo cha afya, Mganga Mfawidhi. Neno lile lile analobeba mzee wa kijijini mwenye kibuyu. Wazee wetu hawakuona haja ya kutenganisha, anayeganga ni mganga. Tukaja kulichafua wenyewe, sasa mtu akiitwa mganga mtaani anataka kupigana, lakini mlangoni kwa serikali limekaa na heshima zake.

Kijana andika MGANGA WA MGONGO. Ni Kiswahili safi na ni ukweli.

#21 Korosho Ghafi

Mwera umesahau jambo, akiandika hivyo yule wa saa tatu usiku atarudi na ndugu zake.

#22 Mwera wa Nyangao

Wamakonde bwana, majini hamuyaachi. Nyie ni watani zangu, nawasamehe.

#23 Ufuta Mweupe

Basi si aandike TABIBU? Neno la heshima, halina kibuyu.

#24 Nesi wa Zamu

Ufuta, tabibu ni kada. Yupo tabibu na tabibu msaidizi, wamesoma, wana leseni zao, ndio wanaotibu kwenye zahanati zetu nyingi. Akiandika TABIBU WA MGONGO atakuwa amevaa sare ya mtu. Fundi je?

#25 Kuli Mstaafu

Fundi nimelipenda. Fundi wa mgongo. Fundi anajulikana kwa kazi, akiharibu humlipi.

#26 Mazoezi Tiba

Mzee Kuli, ukiharibu redio unanunua nyingine.

#27 Dokta Mdogo

Mazoezi Tiba kanipeleka nilipotaka kufika. Niwaambie watu wote wanaosoma, hata kama hamtakanyaga kwa mleta mada. Ukiwa na maumivu ya kiuno halafu ukahisi ganzi sehemu unayokalia, katikati ya mapaja, au mkojo ukazuilika au ukatoka wenyewe, hapo usikandwe na yeyote, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na mgongo unaouma hata ukilala. Kifua kikuu kinaingia kwenye pingili. Ukiusukuma mgongo wa namna hiyo unaweza kumpoozesha mtu.

Na shingo pia. Ipo hatari, ni nadra lakini ipo, ya mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo kuchanika baada ya kuzungushwa shingo kwa nguvu. Wale vinyozi wanaokata nywele halafu wanakumalizia kwa kuvunja shingo, waambieni waache.

#28 Tarimbo

Kinyozi wangu kila Jumamosi. Leo nimeshtuka kweli. Ile "ko" ni mfupa unarudi mahali pake au nini?

#29 Mikono ya Shangani

Tarimbo, mfupa haujatoka mahali, kwa hiyo haurudi. Kiungo kina ute ndani yake. Ukivitenganisha vichwa vya mifupa ghafla, nafasi ya gesi inajitengeneza ndani ya ule ute, na ndiyo unayoisikia. Mwaka 2015 watafiti wa Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI kidole kikivutwa mpaka kikalia, wakaiona nafasi ile ikifunguka. Mlio si kipimo cha kupona. Wapo wanaopata nafuu bila mlio, na wapo wanaolia kama mahindi ya kukaanga na hawapati kitu. Kinyozi wako mwambie akunyoe tu.

Sasa Mwana wa Kitangari. Nimefikiri siku mbili. Mikono ya bibi yako siwezi kusema inazidiwa na yangu. Alichokieleza mjukuu wake pale #4, kushuka pingili moja moja, kusimama, kulegeza pembeni kwanza, ndicho nilichofundishwa mwaka wa tatu na wa nne. Ninachodhani ninacho cha ziada ni kujua lini nisiguse. Hicho ndicho miaka mingi ilikokwenda.

#30 Mwana wa Kitangari

Mikono ya Shangani, jibu lako ni la mtu mwenye adabu, lakini acha nikueleze kisa kimoja.

Nilikuwa darasa la tano. Aliletwa mtoto wa kiume kutoka Tandahimba, umri kama wangu, amebebwa mgongoni na mama yake ingawa alikuwa mkubwa. Bibi akapasha mafuta kama kawaida. Akaanza juu, akashuka. Alipofika katikati ya mgongo, palikuwa na kinundu kidogo, pamechomoza kama kifundo cha kidole. Bibi hakubonyeza. Aliinua mikono yote miwili, akaiweka juu kidogo ya ngozi bila kugusa, akakaa hivyo. Kisha akayafuta mafuta mgongoni kwa kanga yake, yote, mpaka pakakauka. Akamwambia yule mama: "Huyu si wangu. Mpeleke hospitali ya Ndanda kesho, usimkalishe kwenye baiskeli, tafuta gari." Akampa na nauli.

Ilikuwa TB ya mfupa. Yule mtoto leo ni mwalimu.

Kwa hiyo hata hicho cha kujua lini usiguse, bibi alikuwa nacho. Nani alimfundisha, sijui. Alikufa bila mtu kumuandika popote.

#31 Dokta Mdogo

Nimesoma hii mara mbili. Mwana wa Kitangari, asante.

#32 Pingili ya Tano

Mmeona sasa? Ndiyo ile ile akili ya mikono ninayoitetea.

#33 Mazoezi Tiba

Hapana kaka, hapo unaichukua ya bibi unaipeleka Iowa. Bibi hakusema pingili imehama. Alisema mpeleke Ndanda.

#34 Pingili ya Tano

Sikuipeleka Iowa. Nasema mikono ina maarifa ambayo vyeti havijayafikia. Tukikubaliana hapo tu, mengine tutaendelea kubishana.

#35 Dada wa Naliendele

Samahani natoa mada nje kidogo. Kaka zangu wawili wanapuliza salfa kwenye mikorosho, ile pampu ya injini unaibeba mgongoni inatetemeka siku nzima. Wote wana ganzi begani na kiuno kinawaka. Mnashauri nini? Maana msimu wa kupuliza ndio huo unakuja.

#36 Mazoezi Tiba

Dada, mikanda ya pampu ivutwe ikae juu, mzigo ulale karibu na mgongo, isining'inie kiunoni. Wapokezane, mtu asipite zaidi ya tangi mbili mfululizo. Waweke kitambaa kinene au sponji kati ya mgongo na mashine. Na wakitua, wasikae moja kwa moja, watembee kwanza. Ganzi ya bega isiyoondoka baada ya siku chache wakaonwe.

#37 Mikono ya Shangani

Nakubaliana na kila neno la Mazoezi Tiba hapo juu, ningeandika hayo hayo. Niongeze moja: wasiiinue kutoka chini kwa kujipinda. Mmoja amvalishe mwenzake.

#38 Korosho Ghafi

Kumbe mkiulizwa swali la kweli mnajibu sawa.

#39 Mikono ya Shangani

Wakuu, nimerudi kwa fundi leo. Barua nimeshapeleka ofisi ya mkoa, nimegongewa muhuri wa kupokelewa, nasubiri. Sitafungua kabla ya jibu. Ila bati nimeona aanze nalo, nimlipe fedha yake.

Dkt. nimeiacha, Nesi kanishinda. Tabibu si yangu. Mganga nimelipenda lakini sijapata ujasiri, Mwera unisamehe. Fundi kaandika MGONGO · SHINGO · NYONGA kwa herufi kubwa, chini yake KAIROPRAKTIKI kwa ndogo. Mstari wa mwisho ni wangu mwenyewe: KWANZA TUNAPIMA. Akaniuliza jina je? Nikamwambia acha nafasi, litaandikwa karatasi ikirudi.

#40 Pingili ya Tano

Bango limeandika viungo vya mgonjwa na mtu mwenyewe hayupo. Mdogo wangu, hapo umekimbia swali.

#41 Nesi wa Zamu

Mimi naona amelijibu.

#42 Mtetezi wa Masasi

Hiyo "KWANZA TUNAPIMA" hakikisha barua yenyewe inakuruhusu kupima. Iulize pia.

#43 Kuli Mstaafu

Kijana, karatasi ikirudi tuambie. Nina kijana wangu bandarini, gunia limemkamata juzi. Kwa sasa nimempeleka kwa yule dada wa mazoezi, kama bado yupo.

#44 Mazoezi Tiba

Nipo mzee wangu. Jumatatu na Alhamisi, asubuhi. Mwambie avae kaptula.